Simu Kifuani

Jumanne

Kila mmoja ana sababu yake, isipokuwa mimi.

Leo kliniki tulikaa benchi moja, sisi watatu wenye saratani ya matiti. Mama Kadzo wa Utange anasema amerogwa na mke mwenzake, wala hana shaka. Bi Rukia anasema ni simu. Miaka yote ameitia ndani ya sidiria akivuka feri, asiibiwe.

"Mke mwenzako angekuwa na nguvu hizo, si angemfunga mume asitoke nyumbani?" Bi Rukia alimtania, wakacheka wote wawili. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwanangu, mdogo hivi, ulifanya nini?"

"Sijui, Bi."

Daktari aliniambia sikufanya lolote, na simu haileti saratani. Nilidhani nitafarijika. Lakini kama hakuna nililofanya, nimkataze nini binti yangu? Neema ana miaka minne. Ningekuwa na kosa, ningemfundisha kulikwepa.

Ofisini bado wanadhani naumwa vidonda vya tumbo.

Niliporudi nyumbani, mtaani Shika Adabu, nilimkuta Neema akicheza kwenda kazini. Mkoba wangu begani, na simu yangu moja mbovu ameichomeka kifuani ndani ya fulana, kama anionavyo mimi kila asubuhi.

Najua alichosema daktari. Namwamini.

Nilipiga magoti nikaitoa ile simu. Mtoto akanitazama. "Mama, nimefanya nini?"

Nikamwambia hajafanya kitu. Lakini simu nimeificha juu ya kabati, asikofika.