Kanga ya Mwanaidi Nyuma ya Mlango wa Bafuni

Takoma Park, Marekani, Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya lolote niambie magoti yameamkaje, na kama ile dawa ya kuchua niliyoituma imekufikia. Huku mimi na mjukuu wako Zuhura tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imekaza, lakini ndani kuna joto.

Mama, baada ya arobaini ya mke wangu ulinipigia simu ukaniomba kanga ya mwisho aliyoivaa Mwanaidi. Ukasema, "Usiifue, Hamisi. Nataka nimnuse mwanangu." Nikaitikia, kisha sikuituma. Leo nakueleza kwa nini.

Kanga ilikuwa nyuma ya mlango wa bafuni, pale alipoitundika mwenyewe. Niliogopa harufu yake isije ikatoka, nikaziba dirisha kwa mataulo. Tukawa tunaoga humo maji ya moto, mvuke hauna pa kwenda, mpaka ukuta ukaota ukungu mweusi. Zuhura akisema, "Dad, toa hizo taulo," namjibu baridi itaingia. Sababu yenyewe sikumwambia.

Mwishowe mwenye nyumba akaleta fundi, mzee mmoja Mkongomani. Alipoyaona mataulo akacheka kwa upole. "Papa, ukifunga yote hivi, maji itaenda wapi? Iko inalala mu ukuta."

Akatoboa ukuta wa nje, tundu la ukubwa wa kisahani, akapachika feni. Ndani yake mna kipande cha kauri, udongo uliochomwa kama wa vikombe, chenye matundu kama sega la nyuki. Feni hutoa hewa ya mvuke kwa dakika moja hivi, kauri ikashika joto lake. Kisha hugeuka ikaingiza hewa safi ya nje, nayo hupashwa na kauri ile ile. Unyevu unatoka, joto linabaki.

Nikamuuliza, "Na harufu je?"

"Harufu mbaya itatoka, Papa."

"Na nzuri?"

Akafuata macho yangu, akaiona kanga. Akavua kofia. "Hiyo pia," akasema.

Nikaishusha. Mama, upande wa ukutani ilikuwa imejaa madoa ya ukungu. Nikainusa, nikanusa ukuta tu. Feni haikuwa na kosa, ilikuta nimeshaiharibu. Naomba unisamehe.

Nimeifua kwa mkono, nikaianika humo humo bafuni. Asubuhi nikaikuta imekauka, jambo ambalo halijawahi kutokea humo. Zuhura akaifukiza udi kama mama yake alivyomfundisha. Mataulo nimeyaondoa dirishani, sasa naona mti wa jirani. Feni inatoa, inatulia kidogo, inavuta. Zuhura anasema ni kama mama yake akipumua alipojilaza mchana. Kwanza sikupenda aseme hivyo. Sasa nikinyoa ndevu huwa nachelewa makusudi, niisikilize.

Nisalimie shemeji Rukia anayekupikia, na mwalimu wa madrasa aliyetusomea hitima. Mwambie mjomba Athumani picha ya kaburi nimeipata, na maua aliyoyapanda nimeyaona.

Kanga anakuja nayo jirani yetu nesi, anasafiri Ijumaa. Kwenye pindo utakuta fundo alilolifunga Mwanaidi mwenyewe, ndani mna karafuu zake za kutafuna kwenye basi asichefukwe. Nilipofua nililishika juu, lisiguse maji. Sikulifungua. Utalifungua wewe.

Mkweo akupendaye,
Hamisi