Chupa ya Mapovu ya Tumaini

Mama Neema mpendwa,

Nakusalimu kutoka hospitalini Dar. Mjukuu wetu Tumaini ametolewa lile bomba la kooni lililomsaidia kupumua tangu apasuliwe moyo. Sasa anapumua mwenyewe, ila vijibomba viwili puani vinamsukumia hewa ili mapafu yasisinyae. Mwisho wa mpira unaotoka kwenye vijibomba hivyo umezamishwa kwenye chupa ya maji, nayo hutoa mapovu mfululizo. Daktari alituonya kwamba mtoto akichoka, bomba la kooni litarudi.

Leo asubuhi mapovu yalikoma. Neema akafurahi. "Baba, yametulia! Kama wali, ukinyamaza umeiva."

Nesi akaja mbio. "Wali gani, dada! Chupa ikinyamaza, hewa inavuja."

Kijibomba kimoja kilikuwa kimechomoka puani. Alipokirudisha, Tumaini alikasirika, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu upasuaji, maana bomba la kooni lilikuwa limemziba sauti. Daktari alimsikiliza kifua, akasema mapafu yana nguvu, bomba la kooni halirudi tena.

Lala vizuri leo, mke wangu. Sauti yake ni yako kabisa, ile ya kufukuzia ndege shambani Mchombe.

Mumeo akupendaye,
Baba Neema