Jicho la Baba Lililobaki

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Hujambo? Wifi naye hajambo? Na huyo binti yenu anayeniita shangazi kwenye simu halafu anakimbia, ameshaota meno ya mbele? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako mgongo unamsumbua kidogo, ila haumzuii kula.

Barua yako niliipata. Umeuliza hali ya kila mtu, hata ya msumeno. Jicho la Baba hukuliulizia, kama kawaida yako kwa miaka saba. Basi leo utalisikia, upende usipende.

Jumanne Baba aliingia karakana kupiga msasa mguu wa kiti. Tumemkataza mpaka tumechoka. Shemeji yako alikuwa anaranda mbao karibu na dirisha, upepo ukavuma, chembe ya mbao ikamwingia Baba jichoni. Jicho la kulia, hilo moja alilobaki nalo.

Baba alianza kulifikicha huku amenyoosha mkono mwingine, anadai njiti. Desturi ya karakana yetu unaijua: njiti ya kiberiti, pamba kidogo nchani, na mwenye mkono mtulivu kuliko wote ndiye anayechokoa. Mkono huo ulikuwa wako. Ulikabidhiwa njiti kabla hujakabidhiwa randa, ukavimba kichwa wiki nzima.

Shemeji yako, Mungu amsamehe, alishafungua kiberiti. Nilimpokonya nikakitupa dirishani. Baba akaniuliza tangu lini ninampa amri. Nikamwambia, "Tangu leo, Baba. Kaa."

Nilimwambia shemeji yako amshike mikono asifikiche tena, nikaenda kunawa yangu kwa sabuni. Maji ya kunywa tuliyochemsha asubuhi yalikuwa bado na uvuguvugu kwenye majagi mawili. Nikamlaza kichwa upande, jicho lenye chembe likiwa chini, nikamfungua kope kwa vidole, nikamimina polepole kuanzia pembe ya puani kwenda nje. Ndivyo muuguzi wa zahanati alivyonielekeza siku nilipokwenda kushonwa kidole, na nilikuwa nimejiapiza kutosahau.

Baba alilalamika kwamba namzamisha. Nikamwambia anigombeze tu, mradi apepese. Jagi la kwanza likaisha, hamna kitu. La pili likafika nusu. Niliendelea kumimina. Mara akasema, "Imetoka." Ilikuwa imeganda shavuni, ndogo kuliko punje ya chumvi.

Sikuishia hapo. Alisema bado linakwaruza, nikampeleka zahanati siku hiyohiyo, akibisha njia nzima. Muuguzi alikuta mkwaruzo mdogo, akampa dawa ya matone. Akasema tungechokoa, pengine tungelipoteza. Leo Baba anasoma gazeti na kukosoa kazi zangu, kwa hiyo amepona.

Sasa nisikilize, Msumari. Tukiwa tunarudi, Baba alisimama njiani akaniambia jambo ambalo hajawahi kulisema. Siku ile ulipolichokoa jicho la kushoto likapofuka, wewe ulimwambia kwamba chembe imenasa, ukataka kuacha. Yeye ndiye aliyekulazimisha uendelee. Miaka yote hii umejitwika mzigo huo peke yako, na yeye akakuacha ujitwike kwa sababu aliona aibu. Nilimkasirikia, na nilimwambia hivyo.

Kwa hiyo natoa amri ya pili. Hiyo njiti uliyonayo kwenye sanduku lako la zana, najua unayo, itupe. Weka jagi safi na sabuni mahali pake. Sisi jagi letu linaning'inia pale pale kilipokuwa kiberiti, na Baba ndiye aliyepiga msumari wa kulitundika. Halafu omba likizo uje. Sitaki kusikia kazi ni nyingi.

Msalimie sana wifi, na umbusu binti. Shemeji yako anakusalimu, shangazi yetu naye anauliza kama umenenepa. Mungu awafungulie njia na awafikishe hapa salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna.

Kalamu ameichukua Baba:

Msumari, njoo. Hii nimeandika mwenyewe, na mistari naiona. Nataka nikuone na wewe.