Samli Yako Kwenye Bawaba za Geti

Al Amerat, Maskati

Mdogo wangu Zuwena,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe, na goti lako la kushoto nalisalimu mbali, maana najua lina kiburi na hupenda kutajwa. Ng'ombe hajambo? Kazaa? Mie mzima. Nnakula, nnalala, na meno yangu ya mbele yaliyobaki bado yamesimama yanamngoja mtu wa kumng'ata. Kwa sasa mtu huyo ni mwanangu Nassor. Na kwa kuwa mama yake alipofariki wewe ndiye uliyemlea, nusu ya hasira hii ni yako. Ipokee.

Nnaandika kwa mkono, na mwandiko wangu unaujua, mwalimu alikuwa akisema hapa kapita kuku. Kwenye simu sisemi. Simu kaninunulia Nassor, na ikigoma ni yeye anayeifungua. Barua anakuletea jirani yetu anayekuja harusini Wete. Mpe chai, lakini usimuulize habari za huku, atakumaliza siku nzima.

Wakati wa joto, hapa tunakaangika kama bajia, Nassor alituchukua mie na mkewe Rahma akatupeleka Namsa, nchi ya milima huko Ulaya. Waomani siku hizi wanakwenda huko kama sie tulivyokuwa tukenda harusi tusizoalikwa. Tukafikia kwa mkulima mmoja juu kabisa, mawingu yako chini ya dirisha. Wageni tulilazwa ghalani, palipokuwa pakiwekwa majani makavu ya ng'ombe, wametia humo vitanda na mapazia. Mwenye nyumba, mama mmoja mpana, mchekeshaji, alilala chumbani mwake kama alivyolala mama yake.

Nisimseme vibaya mama yule. Asubuhi anakamua, maziwa anayatia kwenye sufuria la shaba ungeweza kukoga ndani yake, anayagandisha, anayakamua maji, anatoa jibini kubwa kama gurudumu la gari. Kisha analiweka chini ya nyumba, kwenye mbao, awe analigeuza na kulipangusa maji ya chumvi miezi na miezi, mpaka linanuka kama viatu vya askari. Siagi anaitia kwenye kibao kilichochongwa ua. Tukapewa na mkate mweusi umetiwa mapeasi makavu. Tukapewa na madonge ya mkate uliokauka, ule tunaowarushia kuku, wao wanauloweka kwenye maziwa wanaufinyanga upya. Matamu, haki ya Mungu. Juu ya jiko kulining'inia mapande ya nyama ya moshi, na Nassor akayatazama akameza mate. Nikamwambia endelea kumeza mate tu, ile nguruwe.

Basi mwanangu alikuwa kila akitia tonge anafumba macho. Akaniambia kila bonde kule lina jibini lake, na jina la bonde lile huwezi kulibandika kwenye jibini la pengine, serikali inakushika. "Baba," akasema, "hawa wenzetu wanajua kuthamini cha kwao." Nikaona maneno mazuri hayo, mtoto kakua.

Tukarudi na sanduku zima la majibini. Sasa nyumba nzima inanuka, na mie nikavumilia. Asubuhi moja nikamwomba Rahma ile samli yako, uliyonipikia kwa mkono wako ukaifunga kwenye chupa na kitambaa cha kanga, nipake mkate. Rahma akatazama chini. Friji ilikuwa haina nafasi, akasema, na Nassor aliinusa chupa akaiona imeharibika. Nikauliza basi iko wapi. Akanielekeza nje kwa kidevu.

Zuwena, Nassor kaipaka kwenye bawaba za geti. Geti lilikuwa likilia, sasa halilii. Samli ya ng'ombe wako, uliyoichemsha na iliki mpaka ukaungua mkono, inafungulia gari kupita.

Nilisema siku ile maneno ambayo sitoyaandika, kwa kuwa jirani huenda akaifungua barua. Nassor akacheka, akanambia, "Baba, ile ilikuwa inanuka." Mbele ya jibini lile, anasema hivo, na pua yake iko pale pale usoni.

Ningesamehe, wallahi. Lakini ikaja Ijumaa. Kaalika wenzake wa kazini, watu wazima na makanzu yao na makofia yao, wakaja wametoka msikitini na njaa ya Ijumaa unaijua ilivyo. Sie Ijumaa tunakula wali, hata maskini anakula wali. Nassor akawatolea ubao. Ubao, kama wa kukatia kitunguu, juu yake vipande vya jibini, mkate mweusi, asali kidogo na mapeasi makavu. Watu wakala kwa adabu wakijua ni cha kufungulia kinywa. Wakamaliza, wakawa wanautazama mlango wa jiko. Mmoja akavuta pumzi kutafuta harufu ya pilau. Mie nikawaambia wasisumbuke, hiyo ndiyo harusi yenyewe, bi harusi haji.

Nassor akakasirika. Kwa kutaka kuwasahaulisha njaa akatoa simu akaanza kuwaonyesha picha. Nikachungulia. Nyumba yako. Banda la ng'ombe, uwanja wa karafuu, na wewe mwenyewe umeshika ndoo unaitazama kamera kama unamdai mtu. Anawaeleza kuwa atalifanya shamba kama lile la mlimani. Watalii walale kwenye ghala ya karafuu, wakamue ng'ombe, wale muhogo na samli ya asili kwenye ubao.

Nikauliza samli gani, ile ya geti?

Akajifanya hakusikia. Akaendelea kuwa nyumba yako itakuwa ya mapokezi, na wewe atakutafutia fleti Chake, upumzike. Wewe, upumzike kwenye fleti, na goti hilo na ngazi.

"Umeshamuuliza?" nikamwambia.

"Shangazi hatokataa, Baba. Lini kanikatalia kitu?"

Hapo ndipo damu iliponipanda, kwa sababu mtoto kasema kweli. Hujamkatalia kitu tangu ana meno ya maziwa. Alitaka kasuku, ukampa. Alitaka asende chuo cha Kurani, ukasema maalim ana homa.

Nikamuuliza mbele ya wageni wake, yule mama wa mlimani umemuona kahamishwa? Ghalani tulilala sie. Yeye yuko kwake, na watu wanapanda mlima kwa sababu yuko kwake. Ukimtoa pale unabaki na ng'ombe na harufu. Wageni wakatazama vidole vyao. Nassor akanambia kwa sauti ya chini nisitie maneno, mafungu mawili ya shamba ni yangu na moja lako kama sharia ilivyotugawia, mie niweke sahihi tu na wewe utafuata. Karatasi keshaziandika. Mwezi ujao anakuja kwako.

Sikubishana tena. Kesho yake nikapanda teksi mpaka Matrah kwa Khalfan muuza halua, rafiki yangu, nikamwita na kinyozi wa mlango wa pili akaja na wembe mkononi. Nikasema mbele yao kuwa mafungu yangu ya shamba na nyumba ya marehemu baba nimempa hiba ndugu yangu Zuwena, sina changu humo, hata mnazi uliopinda. Wakaandika, wakatia sahihi. Khalfan akaniuliza, "Umegombana na mwanao?" Nikamwambia bado, ndiyo kwanza nnakwenda.

Karatasi hiyo iko humu humu kwenye bahasha. Lakini hiba isiyokubaliwa ni upepo. Barua ikifika, mwite imamu na jirani mmoja mwenye masikio, useme mbele yao umekubali. Usinililie, usiniletee adabu za "hapana kaka, chako chako." Sema umekubali, kabla hajashuka kwenye boti.

Atakuja na jibini. Lipokee. Atakwita mama, atakulalia mapajani na kipara chake. Mpikie muhogo, mpikie papa, mtilie samli mpya mpaka alegeze mkanda. Mtandikie chumba chake. Akishashiba akazitoa karatasi, mwambie hapana. Neno hilo hujapata kulitumia kwake, kwa hivyo anza kujizoesha leo. Mwambie ng'ombe kwanza.

Nisalimie shemeji yetu mjane aliyesema nitazeekea ugenini na tumbo kubwa, tumbo tayari. Nisalimie maalim wa chuo, kama homa ile uliyomzulia imeshamtoka. Msalimie na binamu yetu mkwezi, mwambie ashuke, keshazeeka.

Na mie sasa kwa baba yetu sina hata pembe moja ya ukuta. Nikija nitasimama nje na mzigo wangu, nipige hodi kama wageni wengine. Ukinichelewesha mlangoni nitakutukana mtaa mzima usikie.

Kaka yako,
Seif