Bonde Lilipokuwa Kimya

Kibua

Papa Béata,

Usalimiwe huko Goma. Mutoto iko muzima, muhogo umeshika vizuri, na mama yako anakula.

Wiki iliyopita mimi naye tulitoka Kalembe kurudi hapa Kibua na kinga, ile baiskeli yetu, yeye nyuma, mimi nikikanyaga pedali. Tulipita ile njia ya bonde kwa sababu haina malori wala bariere za askari. Mudogo wako Jean-Marie alitutangulia na kinga yake. Kwenye muteremuko mama akanishika bega.

"Simama. Hausikie? Hakuna muntu analima."

Kweli, majembe yalikuwa yamelala chini, wenyewe wamekimbia. Tukajificha katika maharagi. Jean-Marie alikuwa anakaribia kona. Nilitaka kumuita, mama akanifunga kinywa. Wenye bunduki wakapita karibu yetu, na mama hakuondoa mukono wake kwenye kinywa changu.

Jean-Marie hajafika. Mama anamupikia kila siku na kufunika chakula.

Wewe unapenda ile njia, njo maana ninaogopa. Usikuje kumutafuta. Mama anasema: "Nilimunyamazia mutoto mumoja. Wa pili sitaweza."

Baki huko, tafazali.

Mama Béata