Mkono Uliomsalimia Mjomba

Dada yangu Anitha,

Mkono wa mama haujapona. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, na hata kuandika hapa kunanitia hofu. Kilichokishika kiganja cha Mjomba siku ile kilikuwa umeme.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusalimia kule kambi ya wakimbizi? "Toa wa kulia, wa kushoto ushike kiwiko. Mkubwa hasalimiwi kwa kushoto!" Mimi nikajificha nyuma ya kitenge cha mama, ukanivuta, naye mama akacheka: "Mwache, huyu ataolewa na ukuta." Ulipopanda basi la kurudi Burundi, alikupungia kwa mkono huohuo wa kulia. Kiharusi kilipokuja, kikauchukua.

Tukapata kibali cha kuja kutibiwa Kigoma mjini. Kule hospitalini, kijana mmoja mtaalamu wa viungo alimbandika vibandiko vyenye nyaya, kimashine kikapitisha umeme kidogo, na vidole vikafumba. Kikizimwa, vinalala. "Umeme unauamsha msuli, mama. Wewe mwenyewe bado huwezi kuuamuru," alisema. Alituonyesha kwenye simu glovu yenye mota, ya kuwasaidia watu kama mama huko nchi za mbali. Mama akauliza, "Na ugali inamega?" Tulicheka sana, dada. Sikumbuki kama tumecheka tena.

Mjomba alipofika kutoka Burundi kumwona, mama alimnong'oneza yule kijana, "Mwanangu, washa. Ndugu yangu simsalimii kwa kushoto." Akazifunika nyaya kwa kitenge, akautoa mkono. Vidole vikamkaza Mjomba.

"Eh! Dada, unanivunja! Umepona!"

Mama alitabasamu tu. Mjomba akarudi huko kwenu na habari hiyo, mkaimba kanisani, na Bibi akatuma salamu kwamba atamsubiri mlangoni ampe mkono.

Sasa mradi uliomleta yule kijana hospitalini umefungwa, mashine zimeondoka nao. Vidole vimejikunja hadi kucha zinamchoma kiganja. Kila asubuhi napitisha kitambaa katikati. Majina ya wanaorudi Burundi yakiitwa, mama husema anaumwa tumbo. Juzi tulikuwa tumekaa Bangwe, kando ya ziwa, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, twende tu hivyohivyo." Akanijibu bila kunitazama, "Afadhali mama yangu anifikirie mzima kuliko anione hivi."

Nimemaliza shule. Watu wananiuliza nitafanya nini, nami naangalia miguu yangu. Nitafanya nini, Anitha? Nitakaa naye. Siamini kwamba mkono utarudi. Siamini kwamba mama atakuja huko, na nadhani Bibi atakufa akimsubiri. Nikilala nawaona wote wawili, kila mmoja kwenye mlango wake.

Nakuomba, haya yabaki kwako. Mjomba asijue. Bibi akikuuliza mkono ukoje, mwambie una nguvu.

Mdogo wako uliyemwacha na mama