Hinnerk Amemwaga Bia ya Moshi

Kunigund,

Vitunguu nimeshavikomba ndani, viko kwenye bakuli. Vijaze nyama, uvitie kwenye oveni kengele za saa tano zikilia. Mchuzi usiuguse mpaka nirudi. Nimekwenda kiwanda cha bia kujaza jagi.

Ndiyo, bia ya jana haipo. Huyo mchumba wako Hinnerk aliamka mapema, akainusa, akaona inanuka nyama iliyokaushwa kwa moshi, kama bia yetu inavyotakiwa kunuka. "Mama, bia hii imeharibika, lakini usijali, nimeshaimwaga!" Na jagi kalisugua kwa sabuni, maskini, anasubiri asante. Baba yako alivua kofia kama yuko mazikoni. "Huyu akioa hapa," akasema, "mimi nahamia bandani." Na kweli yuko bandani.

~~Hinnerk akamwombe radhi.~~ Hapana, baba yako atazidi kuvimba kichwa. Aende amwambie, "Baba, nifundishe kuinywa." Hapa Bamberg huna ruhusa ya kuichukia kabla ya bilauri ya tatu, na mzee atahesabu. Hinnerk umpe mkate kwanza.

Ikimshinda kabisa, akae karibu na dirisha. (Ukishasoma hapa, karatasi itie motoni.) Nilipoolewa hapa kutoka Köln, bia yangu nilikuwa nayanywesha yale maua ya dirishani. Mpaka leo nayanywesha. Kila kiangazi yanakufa, na kila kiangazi baba yako ananunua mengine, mwaka wa thelathini na moja huu, hajawahi kuniuliza kitu.

Mama